Mama Anaeli Aliomba Maji

Moshono, Jumapili alasiri

Mwanangu Penieli,

Salamu sina haja ya kukuletea, maana tumeamka nyumba moja na chai tumekunywa meza moja. Umekwenda Ngaramtoni kumuaga bibi yako, na ninavyomjua, hatakuacha uondoke kabla hujala. Baba yako yuko gereji kule Sakina, kwake Jumapili ni kama Jumatatu. Kwa hiyo nina saa mbili au tatu za kukaa peke yangu na karatasi hizi, na mlango nimeufunga ili jirani asiingie akanikuta na sura hii.

Habari za nguo, za kanisa na za wanaume sitakuandikia. Shangazi yako amekwisha kukwambia yote hayo, na mengine ameyarudia mara mbili. Nakuandikia jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi na minne na nilikuwa nimekusudia kufa nalo.

Alhamisi tulipokuwa tunakula, baba yako alikuuliza hiyo kazi ya huko kwenye miwa itakuwaje. Ukamjibu huku unacheka, "Ni kusimamia watu tu, baba. Wakata miwa ukiwalegezea kidogo utawakuta wote kivulini. Lazima uwakazie." Baba yako akacheka. Mimi nikanyanyuka nikaenda jikoni kujifanya natafuta chumvi. Ile ilikuwa sauti yangu, Penieli. Hata shingo uliigeuza kama ninavyoigeuza mimi. Maneno hayo nimewahi kuyasema mimi, mahali penye joto, nikiwa na watu chini yangu, na mtu mmoja akafa.

Unamkumbuka Mama Anaeli? Ulikuwa darasa la tatu. Tulikuwa tunakaa kule mlimani, na nyumba yao ilitenganishwa na yetu na migomba na kahawa chache. Ukitoka shule ukakuta sijarudi, ulikwenda kwake, maana yeye alitangulia kurudi kutoka kazini, ukala ndizi, ukalala kwenye kochi lake mpaka nije. Uliambiwa alikufa kwa malaria iliyopanda kichwani. Mimi ndiye niliyekwambia hivyo. Haikuwa malaria.

Mimi na yeye tuliajiriwa siku moja kwenye shamba la maua, kule chini tambarare. Wasichana wawili wa migombani, tumezoea ukungu na sweta. Siku ya kwanza tulipoingia kwenye banda la waridi tulitazamana. Lile banda ni nyumba ya plastiki, ndefu kama uwanja wa mpira, na jua likishaingia halitoki. Ifikapo saa tano unahisi umevikwa blanketi lililolowa. Juu ya hapo umevaa koti zito la kazi limefungwa vifungo mpaka shingoni, na mabuti ya mpira miguuni. Mama Anaeli akaniambia kwa Kimeru, "Shoga yangu, hapa ndipo tunapoivishwa." Tukacheka. Miaka mitano tulikata waridi bega kwa bega.

Ndani ya banda ilikuwa marufuku kula au kunywa kwa sababu ya dawa wanazopuliza kwenye maua. Sheria hiyo haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kwamba chupa zetu za maji zilikaa nje ya mlango, kwenye kreti, na huwezi kutoka bila kumwomba msimamizi. Choo nacho kilikuwa mbali, nyuma ya jengo la kufungashia, na wanawake waliokwenda mara nyingi walihesabiwa na kusemwa. Kwa hiyo tulijifunza kutokunywa. Tulikunywa kikombe kimoja cha chai alfajiri, tukafunga midomo mpaka mchana. Mkojo wetu ulikuwa kama chai ya rangi, na tulidhani ndivyo wanawake wa kazi wanavyokuwa. Haya yote niliyajua kwa mwili wangu, Penieli. Nataka ulishike hilo. Aliyemnyima maji Mama Anaeli si mtu aliyetoka mjini asiyejua kiu ya mle ndani ikoje.

Mwaka wa sita wakanipa koti la kijani. Wakataji walivaa la bluu, msimamizi la kijani. Unalikumbuka, lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango na ulikuwa unalivaa ukicheza. Siku nilipolipokea, Mama Anaeli alinikumbatia mbele ya watu wote. "Sasa tumepata mtu wetu," akasema. Na mimi nikafikiri, kimoyomoyo, kwamba lazima niwaonyeshe wakubwa kuwa mimi si mtu wa mtu. Hapo ndipo nilipoanza kuharibika, na wala hapakuwa na joto siku hiyo. Ilikuwa Julai, tuna baridi mpaka kwenye mifupa.

Mle ndani, kwenye nguzo ya kati, palitundikwa kipimajoto. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kukisoma na kuandika. Kikipita mstari fulani natakiwa niamuru mapazia ya pembeni yafunguliwe, upepo uingie, waridi zisichomeke. Nilikisoma kwa uaminifu. Hakuna aliyeniambia kwamba waliomo mle ndani ni maua na watu, na mimi sikujiambia.

Basi ikaja Februari. Wewe umesoma kilimo, unajua Februari ni nini kwa watu wa waridi. Ulaya watu wanapeana maua siku ya wapendanao, na wiki mbili kabla ya siku hiyo shamba zima linakuwa kama limeshikwa na kichaa. Na Februari ndio mwezi wa jua kwetu. Asubuhi moja meneja alituita sisi wenye makoti ya kijani. Kwangu alisema, "Mama Penieli, wiki hii sitaki kusikia hadithi." Nikatoka nikawasimamisha wakataji wangu mlangoni, nikawaambia, "Wiki hii sitaki kusikia hadithi." Nililibeba neno la mtu mwingine nikalitua palepale kama lilivyo.

Siku hiyo upepo ulikuwa unavuma na vumbi, na vumbi linachafua maua. Wakaagiza mapazia yabaki yamefungwa. Kipimajoto kilipita mstari kabla ya saa nne. Niliandika.

Kwa Mama Anaeli ilikuwa ndiyo kwanza siku ya pili tangu arudi kazini. Alikuwa amekaa mlimani wiki tatu akimuuguza mama yake, kule juu kabisa ambako mchana unaota moto. Mwili wake ulikuwa umesahau joto. Siku hizi najua kwamba mwili husahau, na kwamba aliyetoka baridini ni kama mgeni, anatakiwa aanze na nusu ya kazi, siku baada ya siku, wiki nzima au mbili, mpaka damu yake izoee. Siku ile sikujua, na hata ningejua sijui kama ningejali. Nilimpanga katikati ya banda, mahali penye joto kuliko pote, kwa sababu ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote.

Saa nne na kitu akaniambia miguu inamkaza, mapaja yanajifunga kama kamba. Nikamjibu, "Umekaa sana nyumbani wewe, umekuwa mzembe." Nilisema kwa utani. Akacheka, akajikanda, akaendelea.

Saa tano akanijia. Koti lake lilikuwa limelowa mgongo mzima, mpaka linadondosha. Akasema taratibu, wengine wasisikie, "Mama Penieli, nikanywe maji. Kichwa kinanigonga."

Nikamwambia, "Maliza safu hiyo kwanza."

Akaimaliza. Akarudi. "Naomba maji tu. Sitaki kupumzika."

Sasa wengine walikuwa wanatazama. Walikuwa wanangoja waone kama rafiki wa msimamizi atatoka. Nikapaza sauti ili wote wasikie. "Ukitoka wewe watatoka wote. Nikiwalegezea kidogo tu nitawakuta wote kivulini."

Unayasikia maneno hayo, mwanangu?

Alinitazama tu, akarudi kwenye safu yake. Baada ya muda akatapika pale chini, kwenye njia. Wanawake wakanitazama mimi. Nikasema, "Hongera, kumbe Anaeli anapata mdogo wake!" Wakacheka. Nilipata kicheko kutoka kwenye matapishi ya rafiki yangu. Mara ya tatu aliomba maji akiwa ameshika nguzo, na hakuja tena karibu, aliinua mkono tu kama mtoto wa shule, akaonyesha mlango. Nikajifanya naandika.

Karibu na saa saba binti mmoja aliyekuwa safu ya pili yake akaja mbio. "Supavaiza, Mama Anaeli hayuko sawa. Anaongea peke yake."

"Anajifanya," nikasema.

"Hapana, njoo umwone."

Nikaenda, nikiwa na hasira. Alikuwa anakata waridi na kuzilaza chini kwenye udongo badala ya ndoo, moja moja, kwa uangalifu mkubwa. Alikuwa anaongea Kimeru. Alikuwa anamwambia mama yake aanue kahawa upesi, mvua inakuja. Nikamwita kwa jina. Akanitazama kama mtu anayekutazama dirishani kwenye basi linalopita. Nikamshika mkono nikauachia, jinsi ulivyokuwa wa moto. Kisha akaanguka.

Sikiliza tulivyofanya, maana makosa yetu ya saa hiyo yalikuwa ya kumaliza kazi niliyoianza. Tulimbeba mpaka barazani pa ofisi tukamlaza kwenye saruji. Wanaume walikuwa wanakuja, kwa hiyo mimi nikamfunga vifungo vya koti vizuri, nikamfunika miguu na kanga yangu ili asivunjiwe heshima. Nilimfunika, Penieli. Mtu anaungua kwa ndani na mimi nikamwongezea nguo. Mabuti hakuna aliyemvua. Watu thelathini wakamzunguka, upepo wote wakauzuia, wakaanza kuomba. Mmoja akaleta soda akamtia mdomoni, ikamtokea puani. Gari la shamba halikuwepo, lilikuwa limepeleka maua uwanja wa ndege. Tukakaa tukilingoja.

Na maji yalikuwa kila mahali! Pembeni ya baraza kulikuwa na bomba la mpira linalovuja. Ndani ya banda mirija ya kunyweshea waridi ilikuwa inatiririka kwa ratiba, shina kwa shina, hakuna ua lililopitwa. Hatua kama thelathini kutoka alipolala kulikuwa na chumba cha baridi cha kuhifadhia maua, baridi ya kuvaa sweta mbili. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Haikunijia akilini, hata mara moja, kwamba mle ndani anaweza kuingia mtu.

Hospitali daktari kijana alinivuta pembeni. "Mlimmwagia maji?"

"Hapana."

"Hamkummwagia maji?"

"Hapana, daktari. Tulikuwa tunangoja gari."

Akavua miwani akaifuta. "Mngemmwagia tu, mama," akasema. "Mngemvua na kummwagia na kumpepea huku mnangoja hilo gari." Hakusema kwa ukali. Angenipiga ningemshukuru.

Aliishi siku mbili. Figo zilikataa kwanza. Siku ya tatu asubuhi akafa, na hakuwa amemtambua hata Baba Anaeli.

Nikaitwa ofisini. Walikuwa wameshaandika karatasi, walitaka nisome na niweke saini. Iliandikwa kwamba marehemu alifika kazini akiwa tayari anaumwa, na kwamba hakuomba msaada wowote kwa msimamizi. Niliisoma mara mbili. Hakuna aliyenishikia panga. Nikaweka saini.

Msiba ulikuwa nyumbani kwao. Nilipika, niliosha vyombo, nilibeba maji kichwani, kila mtu akasema Mama Penieli ni rafiki wa kweli. Siku ya kuondoa matanga Baba Anaeli akanijia nyuma ya nyumba nilipokuwa nasugua sufuria. Alikuwa ameshika kofia yake mikononi. Akaniuliza swali moja tu. "Shemeji, aliomba maji?"

Nikamtazama usoni. Nikasema, "Hapana, shemeji. Asingenyimwa."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Nimefikiri miaka yote hii ni lipi kubwa zaidi, kumnyima yeye maji au kumnyima mumewe ukweli. La kwanza nililifanya nikiwa mjinga na mwenye kiburi. La pili nililifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Hawakunifukuza kazi. Nilibaki pale miaka miwili zaidi. Wakaleta tangazo lenye picha ya glasi ya maji, na mimi ndiye niliyepewa misumari na nyundo nilipigilie. Uliambiwa tulihamia Moshono kwa ajili ya shule yako. Shule ilikuwa kisingizio. Kila nilipopita kwenye kichochoro cha kwao Anaeli alikuwa ananiamkia, "Shikamoo mama," na mimi nilikuwa nashindwa kusema marahaba. Nilitamani mtoto wa watu awe hana adabu ili nipumzike.

Sasa kesho unapanda basi kwenda kusimamia watu kwenye joto ambalo hata lile banda halikulijua, maana kule hata usiku hapapoi. Kwanza wewe mwenyewe. Wewe ni mtoto wa Meru. Siku kumi za kwanza utataka kuwaonyesha kwamba unaweza, utasimama juani toka asubuhi mpaka jioni na kofia yako mpya. Usifanye hivyo. Kunywa kabla kiu haijafika, maana kiu ni mjumbe anayechelewa. Maji matupu pekee nayo hayatoshi kwa mtu anayetoka jasho la kukamua nguo. Chumvi nayo inatoka, ndiyo maana miguu inakaza. Kula chakula chenye chumvi, kunywa uji. Utazame mkojo wako bila aibu. Ukiwa mweusi, mwili wako unakuambia kitu.

Halafu wao. Watakuja vijana kutoka huku kwetu, kutoka Singida, kutoka kila mahali, wageni siku ya kwanza, wamekula kipande cha muhogo, na wataanza kukata miwa kama wanaokimbizwa kwa sababu wanaogopa kurudishwa nyumbani. Usisubiri waombe kupumzika. Aliye na hofu ya kazi haombi. Wagawie nusu ya kazi, uwaambie ni amri, wakuchukie kama wanataka. Kazi nzito iishe asubuhi. Jua likisimama, watu wakae kivulini, na wakiwa kivulini wasionekane wavivu machoni pako. Utakapowakuta wamekaa, kaa nao. Wanawake uwatafutie choo cha karibu, la sivyo hata ukiwawekea pipa la maji miguuni hawatakunywa, watakudanganya kwamba wamekunywa. Nilidanganya hivyo miaka mitano.

Mtu akilalamika kichwa, akitapika, akikazwa na misuli, kazi yake ya siku imeisha. Usimpime kama ni mkweli. Mpeleke kivulini, mlegezee nguo, mpe maji kidogokidogo, na usimwache peke yake. Wapange wawiliwawili watazamane, kwa sababu joto linapokula akili, mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Na akianza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, au akikutazama kama hakujui, hapo hakuna tena kungoja gari. Wakati wengine wanatafuta gari, wewe mvue, mvue mabuti, mmwagie maji mwili mzima, kichwani, shingoni, kwapani, pepea kwa chochote, watu wasimzunguke. Usimtie kitu mdomoni kama hajitambui. Aibu ya kuvuliwa nguo mbele za watu itapita. Na mtu asikudanganye kwamba maadamu anatoka jasho yuko salama. Yule wangu alikuwa amelowa chepechepe.

Haya nimeyaokota kidogokidogo, kwa yule daktari, kwa nesi mmoja wa hapa Moshono, kwa redio. Kila nililojifunza liliniumiza, kwa sababu kila moja lilikuwa rahisi. Nilikuwa nategemea niambiwe kwamba ni ugonjwa mkubwa unaotaka mashine.

Sasa nikwambie ya jana. Nilikwambia nakwenda kwenye kikundi cha kina mama. Sikwenda. Baada ya yale uliyosema mezani sikulala siku mbili, na jana asubuhi nikapanda mlimani kwa Baba Anaeli.

Nilimkuta uani anachagua kahawa. Amezeeka, mgongo umepinda. Anaeli alikuwepo, ni mtu mzima sasa, ana mke. Walinikaribisha vizuri, wakaniletea kigoda na maziwa. Sikuyagusa. Nikasema, "Shemeji, uliniuliza swali siku ya kuondoa matanga. Nilikudanganya. Aliomba maji."

Baba Anaeli akaendelea kuchagua kahawa. Kisha akasema, "Rudia."

"Aliomba maji. Mara tatu. Nilimkatalia mimi."

"Ulimwambiaje?"

Nikamwambia maneno yenyewe, neno kwa neno, na utani wa mimba nao. Sikupunguza kitu. Alinyanyuka taratibu, akamwaga kahawa zote chini, zile nzuri na zile mbovu, akaingia migombani. Nilingoja. Hakurudi.

Anaeli alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atanifukuza kwa mawe. Akaniuliza, "Penieli anajua?"

"Hajui."

"Si nasikia amepata kazi, anakwenda kusimamia watu kwenye miwa?"

"Ndiyo. Anaondoka Jumatatu."

"Halafu hajui." Akazitazama kahawa zilizomwagika. "Mama yangu alikuwa anamlisha huyo. Umwambie kabla hajafika kwenye hiyo miwa. Usipomwambia wewe nitampigia mimi. Na wewe mama, hapa kwetu usirudi tena."

Sijui kama nilifanya vizuri kwenda. Nilifikiri nikisema nitapungukiwa na mzigo. Nimeshuka mlima nao uleule, na mzee wa watu nimemwongezea wake. Kwa hiyo usije ukasema mama yako alitubu akapata amani. Amani sikuipata, na sidhani nastahili.

Baba yako naye hajui. Jioni hii ukishalala nitamweleza, hata kama ataniona mtu mwingine. Bahasha nitaiweka juu kabisa kwenye begi lako ili uisome ndani ya basi, ukiwa umekaa chini na huwezi kurudi kunikumbatia.

Ukimaliza kusoma, usinipigie kuniambia "pole mama." Hiyo pole si yangu, ina wenyewe, nao wako mlimani. Nipigie siku wakubwa wako watakapokuita ofisini wakufokee kwa sababu watu wako walikaa kivulini mchana kutwa na miwa haikufika kiwandani kwa wakati. Siku hiyo piga saa yoyote. Unisimulie walivyokufokea, maneno yote, na mimi nitakaa kimya nikusikilize mpaka salio liishe.

Mimi niliyekuzaa,
Mama Penieli